Hakutuangalia machoni

Miaka kadhaa iliyopita niliomba kazi ambayo nilikuwa na hakika naiweza. Wasaili walikuwa watatu. Maswali yao yalikuwa mazuri, nami nilijibu kila moja kwa mpangilio bila kubabaika, nikatoka na matumaini makubwa. Sikuitwa. Baadaye mtu aliyeiona karatasi yangu ya alama aliniambia kilichoandikwa chini, kwenye nafasi ya maoni: majibu mazuri, lakini hakutuangalia machoni, huenda anaficha jambo.

Sikuwa na la kuficha. Ila ni kweli kwamba sikuwaangalia. Nilipokuwa nikijibu, macho yangu yalitua kwenye ukingo wa meza, kwa sababu pale palikuwa patupu, na penye utupu ndipo mawazo yangu hupata nafasi ya kujipanga. Kama ningewatazama wale watatu usoni muda wote, hayo majibu waliyoyasifu yasingetoka.

Kazi nilishapata nyingine, na silii kuhusu ile. Kinachoniuma ni kwamba karatasi kama ile huandikwa kila siku kuhusu watu wengine: darasani, kazini, kituo cha polisi, mahakamani, hata chumbani kati ya watu wanaopendana. "Mbona huniangalii?" Swali hilo mara nyingi si swali, ni hukumu. Na kipimo kinachotumika kutoa hukumu hiyo hakipimi kile tunachodhani kinapima.

Tuanze na mazungumzo ya kawaida, ya watu wasio na shida yoyote na macho yao. Mwaka 1967 Adam Kendon alichapisha uchambuzi wa picha za filamu za watu wawili wawili wakizungumza, akiwa amefuatilia macho yao kipande kwa kipande. Aliona kwamba mtu anapoanza kauli ndefu huondoa macho usoni mwa mwenzake, huendelea kusema huku akitupa jicho mara moja moja, kisha anapokaribia kumaliza humrudia, kana kwamba anamkabidhi zamu. Anayetazama zaidi ni msikilizaji. Michael Argyle wa Oxford, aliyelichunguza suala hili kwa miaka mingi, alitoa makadirio yanayofuata mkondo huo huo: katika mazungumzo ya watu wawili, anayesikiliza humtazama mwenzake takriban asilimia 75 ya muda, anayesema takriban asilimia 40, na muda ambao macho yao hukutana kweli ni kama asilimia 30 hivi.

Asilimia 30. Yaani katika sehemu kubwa ya maongezi, hata ya marafiki wa kufa na kuzikana, macho hayakutani. Na yanapokutana hayakai. Mwaka 2016 watafiti waliofanya kazi yao ndani ya Science Museum ya London waliwaonyesha karibu watu 500 video za nyuso zinazowatazama moja kwa moja, wakawaomba waseme kama muda wa kutazamwa ulikuwa mfupi mno au mrefu kuliko wanavyopenda. Wastani wa muda uliowaridhisha ulikuwa sekunde 3.3. Jaribu kuhesabu polepole hadi tatu huku ukimtazama mtu machoni, utaona jinsi hiyo tatu ilivyo mbali. Kwa hiyo wale wasaili, walipotaka niwaangalie "machoni", walikuwa wananidai kitu ambacho wao wenyewe, wakirekodiwa kwenye filamu na kuhesabiwa, wasingeonekana wakikifanya.

Kiswahili nacho kinajua kwamba macho yanaweza kumwelemea mtu. Tunayo maneno mengi ya kutazama kulikopita kiasi: kumkodolea mtu macho, kumtumbulia macho, kumkazia macho. Hakuna hata moja ambalo mtu angependa lisemwe juu yake. Asiyeyashusha pale anapostahili kuyashusha huitwa mwenye macho makavu. Na haya yenyewe, katika lugha yetu, haisikiki moyoni wala haishiki mwilini: inaonwa. Tunaona haya. Hupenda kulikumbuka hilo kila ninapomsikia mshauri wa mambo ya kazi akifundisha vijana kukaza macho kama ndiyo adabu ya watu waliofanikiwa. Lugha iliyoiweka haya ndani ya jicho haikukosea, maana jicho ndilo la kwanza kukimbia pale mtu anapojisikia yuko wazi mno.

Kwa nini kutazamwa kunamwacha mtu wazi hivyo? Sehemu ya jibu iko kwenye umbo la jicho lenyewe. Hiromi Kobayashi na Shiro Kohshima, watafiti wa Kijapani, walilinganisha macho ya binadamu na ya jamii nyingi za nyani, na mwaka 1997 wakaeleza jinsi weupe wa jicho letu ulivyoachwa wazi. Watafiti waliofuata wamebishana nao kuhusu ukubwa wa tofauti iliyopo kati yetu na sokwe. Hata hivyo jambo la msingi linaonekana bila maabara: mtu akiwa ng'ambo ya chumba, unajua anaangalia wapi. Jicho letu linatangaza linakoelekea, nasi tunazaliwa tukiwa tayari kuupokea ujumbe wake. Teresa Farroni na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba watoto wachanga wa siku mbili hadi tano hukaa zaidi na picha ya uso unaowatazama kuliko ule ulioelekeza macho kando.

Mwanafalsafa wa Kijerumani Georg Simmel aliliweka vizuri mwaka 1908: jicho haliwezi kuchukua bila kutoa. Sikio linaweza kukaa kimya gizani likapokea siri za watu, na hakuna atakayejua. Lakini ukimtazama mtu machoni ili umsome, naye anakusoma wewe wakati huo huo. Hapo ndipo penye uzito. Kumtazama mtu ni kujifungua, na mtu anayejifungua hana budi kuusimamia mlango wake huku pia akitafuta maneno, akikumbuka tarehe, akipanga hoja yake.

Ubongo hauzifanyi kazi hizo zote bure. Shogo Kajimura na Michio Nomura wa Chuo Kikuu cha Kyoto waliwapa watu nomino, wakawataka wataje kitenzi kinachoendana nayo, huku uso ukiwa mbele yao kwenye skrini. Nomino nyingine ni rahisi: ukiambiwa "kisu" utasema "kata" kabla hujafikiri. Nyingine zinakulazimisha utafute. Kwenye zile ngumu, watu walichelewa zaidi pale uso ulipokuwa ukiwatazama moja kwa moja. Utafiti huo ulichapishwa 2016, na nilipousoma nilihisi kama nimerudishiwa kitu nilichokuwa nimeporwa. Ukingo wa meza ulikuwa chombo changu cha kazi.

Watoto wanakijua chombo hicho pia. Huko Stirling, Uskoti, Gwyneth Doherty-Sneddon na Fiona Phelps walionyesha kwamba watoto wa shule huangalia pembeni zaidi kadiri swali linavyokuwa gumu, na kwamba watoto wa miaka mitano, ambao bado hawajazoea kufanya hivyo, hujibu vizuri zaidi wakihimizwa kuangalia kando wanapofikiri. Fikiria basi mwalimu anayemwambia mtoto, "Niangalie mimi, usiangalie dari, jibu haliko darini." Mwalimu huyo ana nia njema kabisa. Lakini mtoto alikuwa njiani kulifikia jibu, na amevutwa shati arudi nyuma.

Hapa lazima nitenganishe mambo ambayo watu huyachanganya, kwa sababu dawa ya moja yaweza kuwa sumu ya jingine.

Kuna hofu. Mtu mwenye wasiwasi mkubwa wa kijamii haogopi jicho, anaogopa atakachokisoma ndani yake: dharau, uchovu, kicheko kilichozuiwa. Katika kipimo cha wasiwasi wa kijamii alichokitoa daktari wa akili Michael Liebowitz mwaka 1987, chenye hali 24 za maisha ya kila siku, mojawapo ni kumtazama machoni mtu usiyemfahamu vizuri. Mtu huyu akiyakwepesha macho anapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayomfunga, kwa kuwa hapati kamwe nafasi ya kugundua kwamba yule mwenzake hakuwa anamdharau. Kwake yeye mazoezi ya polepole yanasaidia kweli: sekunde moja leo na mtu anayemwamini, sekunde mbili kesho na mgeni, pamoja na msaada wa mtaalamu pale hofu inapomzuia kuishi. Sitaki mtu wa namna hii asome makala haya akaondoka na ruhusa ya kubaki gerezani.

Halafu kuna usonji, hali inayoitwa autism kwa Kiingereza, na hapo mambo ni tofauti kabisa. Tangu daktari Leo Kanner alipowaeleza watoto 11 wenye hali hiyo katika makala yake ya mwaka 1943, namna watu wenye usonji wanavyotumia macho imekuwa mojawapo ya alama wanazotazamia madaktari, na hata mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Marekani uliotolewa 2013 unaitaja. Tatizo ni jinsi alama hiyo ilivyotafsiriwa. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba mtu hakutazami kwa sababu hana haja nawe. Mwaka 2017 Nouchine Hadjikhani na wenzake walipima ubongo wa watu wenye usonji wakiwa wameelekezwa watazame eneo la macho kwenye nyuso, wakakuta sehemu za ndani zinazohusika na hisia zikiwaka kuliko kawaida. Wakapendekeza kwamba kuyakwepa macho ni njia ya kupunguza mchemko huo. Mwaka huo huo watafiti wengine walikusanya maelezo ya watu wenye usonji wenyewe. Wako waliozungumzia hisia ya kuvamiwa, ya kutishwa, ya kuzidiwa na habari nyingi kwa wakati mmoja. Wengine walisema wanaweza kutazama au wanaweza kusikiliza, ila vyote viwili kwa pamoja haviwezekani.

Si wote, na sitaki kuwasemea. Wapo wenye usonji ambao macho hayawasumbui. Lakini kwa wale ambao yanawasumbua, jicho la mtu ni taa kali iliyoelekezwa usoni, na sisi tulichofanya ni kuwaamuru waitazame hiyo taa. Katika mafunzo mengi ya tabia yaliyoandaliwa kwa watoto hawa, "niangalie" ilikuwa miongoni mwa amri za mwanzo kabisa, na mtoto akitii alipewa zawadi. Mtoto anajifunza kwamba mateso yake hayana uzito mbele ya starehe ya mtu mzima anayetaka kuangaliwa. Hilo linanihuzunisha sana.

Na tupo sisi wengine, tusio na hofu wala usonji, tunaohitaji tu mahali patupu pa kuweka macho tukifikiri. Kuhusu sisi sina mengi ya kuongeza.

Sasa nirudi kwenye lile neno la karatasi yangu, "anaficha", kwa kuwa ndilo lenye madhara kuliko yote. Timu ya kimataifa ya watafiti, akiwemo Charles Bond, iliwauliza watu wa nchi 58 swali jepesi: unamjuaje mtu anayedanganya? Matokeo yalichapishwa 2006. Jibu lililoongoza, lililotolewa na karibu watu wawili kati ya kila watatu, ni kwamba mwongo hakuangalii machoni. Ni mara chache wanadamu wakakubaliana hivyo juu ya jambo lolote, na hapa wamekubaliana juu ya kosa. Miaka mitatu kabla ya hapo, Bella DePaulo na wenzake walikuwa wamezikusanya tafiti zilizokuwepo, zenye sampuli 120 na dalili 158 zinazodhaniwa kumfichua mwongo, wakazipima moja baada ya nyingine. Kiasi cha kumtazama mtu machoni hakikuwa na uhusiano wa maana na uongo. Takriban sifuri.

Ukitafakari, unaona ni kwa nini. Mwongo mzoefu naye anaijua imani hii, kama anavyoijua kila mtu. Samantha Mann, Aldert Vrij na wenzao waliwahoji abiria kwenye uwanja wa ndege, wengine wakisema kweli kuhusu safari yao na wengine wakidanganya, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2012 waliodanganya ndio waliotazama machoni kwa makusudi zaidi. Walitaka kuaminiwa, na walitaka pia kuona kama wanaaminiwa. Anayesema kweli hana haja ya kukusimamia hivyo. Anakumbuka, na anayekumbuka huangalia dirishani.

Haya yangekuwa mambo ya kuburudisha barazani kama yasingeingia kwenye chumba cha mahojiano. Mwaka 1999 Saul Kassin na Christina Fong waliwafundisha watu dalili za uongo zinazofundishwa kwa wapelelezi, macho yakiwemo, kisha wakawaonyesha video za washukiwa. Waliofundishwa walikosea zaidi kuliko wasiofundishwa. Na walijiamini zaidi. Nisamehewe nikilikazia hilo la mwisho: mafunzo yaliwaongezea uhakika na kuwapunguzia usahihi. Weka mbele ya mpelelezi wa aina hiyo kijana mwenye usonji, au binti mwenye wasiwasi, au mtu aliyechoka tu anayejaribu kukumbuka alikuwa wapi Jumanne usiku. Ataandikwa mwongo kabla hajamaliza sentensi yake, kwa kosa la kuangalia sakafu.

Najua nitakachojibiwa: kwamba macho yana maana, kwamba mama na mtoto huanza kujuana kwa macho, kwamba hakuna mapenzi bila kutazamana. Sibishi hata kidogo. Mimi mwenyewe nazikumbuka mara chache nilizotazamana na mtu nikajua, bila neno, kwamba tumeelewana, na nisingezibadilisha kwa chochote. Lakini hata hapo sayansi inasema jambo linalostahili kusikika. Sophie Wohltjen na Thalia Wheatley walipima mboni za watu wawili wawili wakizungumza, wakachapisha matokeo yao 2021. Mboni hutanuka na kusinyaa kwa pamoja watu wanapokuwa wameshikamana katika maongezi. Mshikamano huo ulikuwa kileleni wakati macho yanapoanza kukutana, kisha ukashuka kadiri yalivyoendelea kukutana, ukaanza kupanda tena baada ya kuachana. Kuachana kwa macho ni sehemu ya mazungumzo kama ilivyo pumzi kati ya sentensi. Anayemshika mwenzake kwa macho bila kumwachia anamnyima pumzi hiyo.

Na kwa yule anayelazimika kesho kukaa mbele ya wasaili ambao hawajasoma lolote kati ya haya, kuna neno moja la msaada. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Perth, Australia, akiwemo Shane Rogers, waliwavalisha watu miwani inayorekodi mwelekeo wa macho, wakazungumza nao, wakiwatazama baadhi machoni na wengine mdomoni. Waliotazamwa mdomoni walidhani wametazamwa machoni sawa tu na wenzao. Angalia mdomo, au kati ya nyusi. Hakuna atakayejua, na taa itapungua makali. Ninalitoa shauri hili kwa moyo mzito kidogo, maana ni la kumfundisha mtu kujificha, lakini kodi ya nyumba hailipwi kwa hoja.

Mikutano ya video imelianika jambo lote hili. Kwenye skrini macho hayakutani kamwe: ukitazama uso wa mwenzako, yeye anakuona ukiangalia chini, na ukitazama kamera ili akuone unamwangalia, wewe humwoni. Kampuni zikatengeneza programu ya kuyasogeza macho. Apple wameiweka kwenye FaceTime, Nvidia wakaleta ya kwao 2023. Mashine inachora jicho linalotazama mahali ambapo mwenyewe hatazami, na upande wa pili mtu anajisikia amesikilizwa. Kama dalili ya unyofu inaweza kuwashwa na kuzimwa kwa kitufe, basi tuiache iwe adabu tu. Mtu asiyeona tangu kuzaliwa huaminiwa, hupendwa, huajiriwa na kufiwa bila kutazamana na yeyote, na wanaozungumza naye hujua vizuri kama anawasikia. Wanajua kwa swali analouliza baadaye, na kwa jambo analolikumbuka wiki inayofuata.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu, mwenye miaka kumi na minne, alikuja kwangu kwa siku chache. Mama yake alikuwa amenieleza kwamba kijana hasemi tena, amejifunga, ukimkalisha kitini na kumtazama anakuwa jiwe. Sikumkalisha. Baiskeli yangu ilikuwa imekatika mnyororo, nikamwomba anishikie gurudumu. Tulikuwa tumeiinamia wote wawili, mikono ina grisi, mimi natafuta nati iliyoangukia kwenye majani.

"Mjomba," akasema akiutazama mnyororo, "kuna watu shuleni wananipiga."

Shingo yangu ilitaka kugeuka. Niliizuia. Niliendelea kupapasa kwenye majani, nikamuuliza tangu lini, naye akaanza kueleza, polepole, huku akilizungusha gurudumu, na nati nilikuwa nimeshaiona zamani nikaiacha pale pale ilipo.